Chupa Ni ya Nani? Namna Majimbo ya Marekani Yanavyowalipa Wauzaji wa Pombe Kali

Dada mmoja mzaliwa wa Bukavu ana duka la vyakula hapa Columbus, Ohio. Anauza unga wa muhogo, dagaa, mafuta ya mawese na vitenge, na kwenye friji la nyuma ana bia. Siku moja nilipopita kununua dagaa alinionyesha karatasi aliyoletewa na mtu, inayoeleza jinsi duka linavyoweza kuwa wakala wa pombe kali. Alikuwa ameisoma mara tatu. "Kaka," akaniuliza, "serikali ndiyo itanilipa mimi juu ya kuuza pombe? Si kwetu mimi ndiye ningeilipa serikali?"

Nilikaa naye hadi wateja wakaanza kupanga foleni na bado sikumaliza kumweleza, kwa sababu jibu lake linaanzia mbali. Hapa nalieleza lote, kwa ajili yake na kwa wengine wetu wanaofungua maduka huku ugenini na kukutana na utaratibu huu bila mtu wa kuwafafanulia.

Tuanze na neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua: mali kauli. Unachukua mzigo kwa mwenyewe bila kulipa, unaupanga dukani kwako, unauza, kisha unampelekea mwenye mali fedha zake na wewe unabaki na chako. Mzigo usipouzika, si wako. Ukipotea, unaulipa. Sasa fikiria kwamba mwenye mali ni jimbo lenyewe, kwamba ndilo linalopanga bei ya kila chupa mpaka senti ya mwisho, na kwamba chako unachobaki nacho kimeandikwa kwenye mkataba kwa asilimia. Huyo ndiye wakala wa pombe kali wa Ohio. Kila kinachowachanganya watu katika biashara hii kinafunguka ukijiuliza kwanza: chupa hii, ikiwa imekaa hapa rafuni, ni ya nani?

Marekani ina majimbo 17 yanayojulikana kama majimbo ya udhibiti, pamoja na Kaunti ya Montgomery kule Maryland. Katika sehemu hizo serikali haitoi leseni na kukaa pembeni. Inaingia sokoni yenyewe na kununua pombe kali kutoka kwa watengenezaji, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuwa muuzaji wa jumla wa bidhaa hiyo. Kutoka hapo kila jimbo lina njia yake. Pennsylvania ina maduka yake yenyewe na wahudumu wake ni waajiriwa wa serikali. North Carolina imewaachia bodi za kaunti na miji. Ohio na Oregon wanatumia mawakala wanaolipwa kamisheni. Michigan inabaki na jumla tu, halafu duka la mtu binafsi linanunua kwake kwa punguzo. Bia na mvinyo mara nyingi huwa na sheria nyingine kabisa, ndiyo maana dada yule ana bia kwenye friji yake lakini chupa ya wiski hana.

Mwaka 1933 ndio uliozaa haya yote. Kwa takriban miaka 14, kuanzia Januari 1920, kutengeneza na kuuza pombe kulikuwa kosa chini ya katiba ya nchi. Watu waliendelea kunywa, ila sasa waliowauzia walikuwa majambazi. Marekebisho ya 21 ya Katiba yalipopita Desemba 5, 1933, marufuku iliondolewa, lakini kifungu chake cha pili kikaliachia kila jimbo kuamua mambo ya pombe ndani ya mipaka yake. Ghafla kila bunge la jimbo likawa na kazi ya kutunga mfumo kutoka mwanzo. Mississippi ilichagua kubaki kavu, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1966.

John D. Rockefeller mdogo, tajiri ambaye yeye mwenyewe hakuwa mnywaji, alikuwa amegharimia ripoti ya kuwasaidia wabunge hao. Watafiti wake walisema tatizo kubwa kabla ya marufuku lilikuwa faida binafsi. Baa za zamani nyingi zilikuwa zimefungwa kamba na viwanda: kiwanda kilimpa mwenye baa mkopo, samani, hata pango la nyumba, naye akalazimika kuuza bia ya kiwanda hicho kwa wingi awezavyo, kwa mlevi, kwa mtoto, kwa yeyote. Pendekezo lao kwa pombe kali lilikuwa serikali ishike biashara yenyewe, ili aliyesimama kaunta asiwe na sababu ya kumsukumia mtu chupa ya pili.

Wazo hilo halikuwa geni. Gothenburg, Sweden, tangu miaka ya 1860 walikuwa wamejaribu kampuni maalumu ya kuuza pombe, ambayo faida ya wenye hisa iliwekewa kikomo. Msimamizi wa baa hakupata chochote kutokana na pombe kali, ila alipata kutokana na chakula na vinywaji visivyo vya kulevya. Mimi naona hapo palikuwa na akili kubwa. Hawakumhubiria msimamizi awe mwema. Walibadilisha tu kile kinachomletea ugali, na mwenendo wake ukafuata.

Lakini Marekani ilikuwa na kumbukumbu nyingine pia, na hiyo ni chungu. South Carolina, chini ya Gavana Ben Tillman, ilianzisha maduka ya serikali ya pombe mwaka 1893. Masharti yalikuwa makali: chupa iuzwe ikiwa imefungwa, isifunguliwe pale dukani, mauzo yafanyike mchana tu, mnunuzi ajaze fomu. Mwenye kaunta alidhibitiwa vizuri sana. Wasiodhibitiwa walikuwa wakubwa wa juu, waliokuwa wakiamua pombe ya kiwanda gani inunuliwe. Watengenezaji wakawafuata na bahasha, na kufikia mwaka 1907 mfumo ulikuwa umeoza kwa rushwa kiasi kwamba jimbo liliuvunja. Kumbuka kisa hiki, kitarudi.

Kwa hiyo majimbo ya mwaka 1934 na kuendelea yaliandika sheria za kuzuia mambo mawili kwa pamoja: muuzaji asitamani kuuza kupita kiasi, na mtengenezaji asimnunue muuzaji. Hili la pili bado lina nguvu mpaka leo na watu wengi wa nje hawalijui. Kwenye duka la kawaida la vyakula, kampuni ya soda inaweza kukupa friji lenye nembo yake, au kukulipa ili uiweke bidhaa yake usawa wa macho. Kwa pombe, sehemu kubwa ya zawadi za namna hiyo ni marufuku, kwa sheria za shirikisho na za majimbo. Mtengenezaji asimiliki duka, asilipie rafu. Kwa wakala wa jimbo la udhibiti hii ina maana kwamba malipo yake kwa kila chupa yanatoka mkono mmoja tu, wa serikali.

Sasa turudi Ohio. Pombe kali kwa sheria ya hapa ni ile yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 21. Mstari huo wa asilimia 21 unaweza kuuona kwa macho. Ingia kwenye duka kubwa la vyakula lisilo na wakala, nenda kwenye rafu za mvinyo, utakuta chupa za vodka zenye jina unalolijua na lebo inayofanana sana na ile uliyoizoea. Ichukue, igeuze, soma maandishi madogo: asilimia 21. Imezimuliwa kwa maji mpaka ikafika kwenye mpaka wa sheria, kwa hiyo si pombe kali tena, na duka lolote lenye leseni inayofaa linaweza kuiuza. Vodka halisi ya asilimia 40 iko kwa wakala, pengine mtaa wa pili, katika sehemu iliyotengwa yenye mashine yake ya malipo. Shemeji yangu alipokuja kututembelea alinunua ile ya kwanza na akadhani amepata ya bei nafuu. Alikuwa amelipia maji.

Zamani Ohio ilikuwa na maduka yake. Katika miaka ya 1990 iliyafunga na kuwapa kazi hiyo watu binafsi kwa mkataba. Leo kuna mawakala karibu 500 jimbo zima: maduka makubwa ya vyakula, maduka ya dawa, vibanda vya vijijini vinavyouza pia chambo za kuvulia samaki. Jimbo linachagua wakala kwa kuangalia eneo lina uhitaji gani na kama wapiga kura wa kata hiyo wamekubali pombe iuzwe. Hapa kura inapigwa kwa kata moja moja, na mauzo ya Jumapili yana kura yake peke yake, kwa hiyo unaweza kuvuka barabara ukakuta sheria imebadilika.

Mzigo unatoka kwenye ghala ukiwa bado si wa wakala. Bei iko kwenye orodha ya jimbo, na ni ileile Cleveland, Columbus na kijiji cha mwisho mpakani mwa Kentucky. Wakala haruhusiwi kushusha ili avutie wateja wala kupandisha sikukuu ikikaribia. Fedha za mauzo zinaingia kwenye akaunti ya serikali. Kisha anapata kamisheni yake: asilimia 6 ya anachowauzia wateja wa rejareja, na asilimia 4 ya anachowauzia wenye baa na mikahawa, maana nao hawaruhusiwi kununua kwingine.

Niliandika hesabu hii nyuma ya karatasi ya dada yule. Chupa ya dola 25 inamletea dola 1.50. Ikichukuliwa na mwenye baa, inamletea dola 1. Ili apate dola 60,000 kwa mwaka kutoka kwa wateja wa kawaida, lazima apitishe mzigo wa dola milioni moja juu ya kaunta yake. Na hizo 60,000 si faida. Humo kuna pango, umeme, mshahara wa kijana wa jioni, bima, kamera, dhamana anayotakiwa kuweka. Kila baada ya muda mzigo unahesabiwa, na upungufu ukionekana, wakala ndiye anayedaiwa. Chupa moja ya dola 25 ikiibiwa, lazima auze nyingine zaidi ya 16 ili kamisheni ifidie ile moja. Aliponiona naandika 16 aliniondolea kalamu mkononi akahesabu mwenyewe upya.

Wengi wanaiona asilimia 6 wanasema ni kidogo mno, mwenye duka wa kawaida anaweka asilimia 30. Si haki kulinganisha hivyo. Mwenye duka wa kawaida amefunga mtaji wake kwenye mzigo. Chupa zikikaa miezi minane ni fedha zake zinazolala. Wakala hana mtaji uliolala rafuni. Yuko karibu zaidi na wakala wa M-Pesa au wa benki kule nyumbani, ambaye kamisheni yake ni nyembamba lakini wateja hawakatiki. Tena yule wa M-Pesa anahitaji floti yake mwenyewe, huyu hata hiyo hana haja nayo.

Ubaya wa kamisheni uko kwingine. Imeandikwa kwenye kanuni au mkataba, na kanuni haipandi mfuko wa saruji unapopanda. Pango la wakala likiongezeka, hawezi kuongeza dola moja kwenye chupa. Mshahara wa chini ukipandishwa, hawezi. Pale ambapo mkataba unamwachia gharama za kadi za benki, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu benki inakata kwenye bei nzima, ikiwemo kodi na faida ya jimbo. Chukua makato ya asilimia 2 tu: kwenye chupa ya dola 25 ni senti 50, yaani theluthi moja ya ile dola 1.50. Mwenye duka kubwa la vyakula anavumilia, kwa sababu anayekuja kununua wiski atanunua na nyama. Mwenye kiduka cha kijijini anayeishi kwa chupa tu hana pa kukimbilia. Oregon, ambako kuna maduka takriban 280 ya namna hii na malipo ya wakala kwa miaka mingi yamekaa karibu asilimia 9 kwa wastani, mabishano kati ya mawakala na tume ya pombe yamekuwa juu ya hesabu hizihizi. Kamisheni pia inapanda na bei, kwa hiyo wakala anapata zaidi kwa chupa ya dola 80 kuliko ya dola 15 ingawa kazi ya kuipitisha kaunta ni moja.

Na hapa ndipo ninapoona nyufa kwenye lile wazo la mwaka 1933. Walitaka aliyesimama kaunta asiwe na hamu ya kuuza. Kamisheni inapunguza hamu hiyo lakini haiiui. Anayelipwa asilimia ya mauzo anataka mauzo. Kinachozuia ni bei moja isiyoshuka, saa za kufungua, na uchache wa maduka, si namna anavyolipwa. Kama jimbo lingetaka kweli kufuata akili ya Gothenburg, lingemlipa wakala kiasi maalumu kwa mwezi kwa kuwa wazi na kukagua vitambulisho, auze chupa kumi au elfu. Utah inalipa hivyo baadhi ya mawakala wake wa vijijini, lakini si njia iliyoenea.

Michigan ni habari nyingine, nayo inaeleza vizuri kitu kinachotokea chupa ikibadili mwenyewe. Jimbo linanunua chupa kwa mtengenezaji, tuseme dola 10. Linaongeza asilimia 65, inakuwa dola 16.50. Mwenye duka anainunua kwa punguzo la asilimia 17 la bei hiyo, yaani anamwacha serikali na dola 13.70 hivi. Kwenye zile 16.50, kwa hiyo, mtengenezaji ana 10, mwenye duka ana 2.80, na jimbo linabaki na karibu 3.70, kabla ya kodi mahususi zinazopandishwa juu yake. Mwenye duka haruhusiwi kuuza chini ya bei iliyopangwa, ila juu anaruhusiwa. Hilo punguzo la asilimia 17 ndilo malipo yake. Ni karibu mara tatu ya kamisheni ya Ohio, lakini fedha za mzigo ni zake, na chupa isiyotembea ni hasara yake. Hata kusambaza hawafanyi serikali wenyewe: tangu miaka ya 1990 kazi hiyo wanafanya mawakala binafsi wa usambazaji wanaolipwa kwa kila katoni.

Virginia imefika mbali zaidi katika kushikilia umiliki. Mwenye kiwanda kidogo cha wiski akitaka kuwauzia wageni waliotembelea kiwanda chake, lazima awe wakala wa mamlaka ya pombe ya jimbo. Chupa imetengenezwa pale, imepangwa pale, mteja amesimama pale. Haijatoka chumbani. Lakini kwenye vitabu imeuzwa kwa jimbo kwanza, halafu jimbo linaiuza kwa mteja kupitia mikono ya mwenye kiwanda, kisha linamrudishia sehemu yake. Wenye viwanda vidogo wamelalamikia hili kwa miaka mingi, na nawaelewa. Walakini ukishakubali kanuni kwamba hakuna pombe kali inayomfikia mnywaji bila kupitia mkono wa serikali, huwezi kumwondoa hata yule aliyeitengeneza kwa mikono yake.

Je, jimbo likiamua kutoka? Washington ililijibu swali hilo mwaka 2011. Wananchi walipiga kura, karibu asilimia 59 wakakubali kuvunja ukiritimba, baada ya Costco, kampuni yenye maduka makubwa ya bei ya jumla, kutoa zaidi ya dola milioni 20 kuiunga mkono kampeni. Juni 1, 2012 mambo yakabadilika. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na maduka takriban 330 ya pombe kali, karibu nusu yakiwa ya serikali na nusu ya mkataba kama mawakala wa Ohio. Baadaye yakawa zaidi ya 1,400. Sheria ilisema duka jipya liwe na ukubwa wa futi za mraba 10,000 au zaidi, yaani duka kubwa, lakini waliokuwa na maduka ya mkataba waliruhusiwa kuendelea, na maduka ya serikali yaliuzwa kwa mnada.

Waliotangaziwa uhuru zaidi walikuwa wenye maduka ya mkataba, na wengi wao ndio walioumia zaidi. Jana yake mzigo ulikuwa wa serikali, bei ya serikali, kamisheni ya uhakika. Siku iliyofuata ilibidi wanunue mzigo kwa fedha zao, washindane bei na Costco inayonunua kwa malori, na juu yake walipe serikali ada ya asilimia 17 ya mauzo ya pombe kali. Serikali ilikuwa imeiweka ada hiyo ili isipoteze mapato iliyokuwa ikiyapata kama mfanyabiashara. Kwa hiyo mtu yuleyule, kaunta ileile, alitoka kwenye kulipwa asilimia na serikali akaingia kwenye kuilipa serikali asilimia.

Wanunuzi nao walishtuka. Walitegemea ushindani ushushe bei, lakini kodi zilibaki: asilimia 20.5 ya bei, na dola 3.77 kwa kila lita. Chupa ya mililita 750 iliyobandikwa dola 20 inafika kwenye mashine ya malipo, inaongezwa 4.10, inaongezwa 2.83, unatoa dola 26.93. Chini ya ukiritimba bei ya rafuni ilikuwa imeshajumlisha kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiiona kodi. Watu wa kusini mwa jimbo wakaanza kuvuka mto Columbia kwenda kununua Oregon, kwa mawakala wa serikali.

Kuhusu afya ya watu, jopo la wataalamu wa afya ya jamii wa Marekani lilipitia tafiti za sehemu zilizobinafsisha uuzaji wa pombe na kukuta kwamba mauzo kwa kila mtu ya kinywaji kilichobinafsishwa yalipanda kwa asilimia 44 kwa kadirio la kati. Likashauri majimbo yaliyobaki na udhibiti yasiuachie. Nimezika watu wawili wa mtaa mmoja kwa sababu ya chupa, kwa hiyo takwimu hiyo siipiti haraka. Uchache wa maduka na saa zake unawaudhi wateja, lakini kuna mtu ambaye saa tatu usiku duka likiwa limefungwa anarudi nyumbani kulala.

Lakini serikali nayo ina njaa yake, na huu ndio upande ambao wanaotetea udhibiti hawapendi kuuzungumza. Mwenye duka anayetamani mauzo ni mmoja. Jimbo linalotegemea mauzo ni zito kuliko yeye. Pennsylvania iliweka kodi ya asilimia 10 kwenye pombe baada ya mafuriko ya Johnstown ya mwaka 1936, ili kuujenga mji upya. Mji ulijengwa. Kodi ikapandishwa hadi asilimia 15 mwaka 1963, kisha 18 mwaka 1968, na bado inakatwa. Oregon iliongeza senti 50 kwa kila chupa mwaka 2009 wakati uchumi umeanguka, kwa maelezo kwamba ni ya muda.

Maine ilifanya jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 2004, ikiwa na shimo kwenye bajeti, iliikodishia kampuni binafsi biashara yake ya jumla ya pombe kali kwa miaka 10 kwa dola milioni 125. Miaka ilivyopita ilionekana wazi kwamba kampuni ilikuwa ikivuna zaidi ya ilicholipa. Mkataba ulipokwisha mwaka 2014 jimbo likairudisha biashara mkononi, safari hii likimlipa mwendeshaji kwa kazi yake tu, na mapato ya pombe yakatumika kulipia hati fungani zilizotolewa kulipa madeni ya hospitali. Ohio nayo mwaka 2013 iliikodisha biashara nzima kwa JobsOhio, shirika binafsi lisilo la faida lililoundwa na serikali kuvutia uwekezaji, kwa miaka 25, nalo likalipa takriban dola bilioni 1.4. Idara ya pombe inaendelea kuendesha kazi za kila siku, ila faida inakwenda JobsOhio. Waliolipinga walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwamba hawakuwa na haki ya kisheria ya kufungua kesi, bila kugusa kama mpango wenyewe unakubalika kikatiba. Nilipomwambia dada kwamba chupa atakazouza zitagharimia kuleta viwanda Ohio alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na mimi nitakuwa mwekezaji."

Na rushwa ya South Carolina? Haikurudi kwa sura ileile, ila mwaka 2023 Oregon ilipata fedheha yake. Kuna bourbon (wiski ya Kimarekani) chache sana, kama Pappy Van Winkle, ambazo bei ya serikali ni ndogo na wanaozitafuta ni wengi. Iligundulika kwamba watumishi wa juu wa tume ya pombe walikuwa wakielekeza chupa hizo adimu zipelekwe kwenye duka fulani ili wao wazinunue. Walilipa bei iliyobandikwa. Lakini bei ikishafungwa, chenye thamani ni kujua chupa iko wapi, na wao ndio waliojua. Mkurugenzi akajiuzulu. Wakala wa kawaida, anayekaguliwa chupa kwa chupa, hangeweza kufanya hivyo.

Kwetu mambo ni tofauti, na dada alikuwa sahihi kushangaa. Kenya na Tanzania serikali haimiliki chupa. Inatoza ushuru na kubandika stempu, inatoa leseni kupitia kaunti au halmashauri, na inapanga saa: Wakenya hawajaisahau Sheria ya Mututho ya mwaka 2010, baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Faida yote ya rejareja ni ya mwenye duka, na hatari yote pia. Kila anayepatikana na chupa isiyo na stempu ni mhalifu, lakini motisha ya kuitafuta chupa hiyo ya magendo ni kubwa, kwa kuwa inamwongezea kipato yeye mwenyewe. Wakala wa Ohio akiingiza chupa ya magendo kwenye rafu yake anahatarisha mkataba mzima kwa ajili ya kitu ambacho mashine ya serikali haitakisoma.

Dada hajaijaza fomu. Alipima nafasi ya duka kwa hatua za miguu, akaona ili apate pa kuzitenga chupa lazima aondoe friji la samaki, na samaki ndio wanaowaleta watu wa Goma kila Ijumaa. Swali la mwisho aliloniuliza lilikuwa la mkataba: upungufu ukionekana, anadaiwa kwa bei ya serikali iliyonunulia au kwa bei ya rafuni? Nilimwambia aende nalo kwa mwanasheria kabla ya kusaini kitu chochote. Ameandika tarehe ya kumwona kwenye kalenda ya ukutani, juu ya mizani ya unga.